Miwani michache, maneno mengi

Wewe unayeanza kufundisha sayansi kwa uhalisia pepe (VR), ulimwengu wa kompyuta unaouona ukivaa miwani maalumu, huenda ukaanza nilipoanzia mimi: kumvalisha kila mwanafunzi miwani yake. Somo lilikuwa himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Wanafunzi sita, miwani sita, wote ndani ya molekuli moja iliyoujaza ukumbi. Wakashangaa, wakacheka, kisha kimya. Kila mtu na lake. Walipovua nikauliza oksijeni hushika wapi. Wakatazamana.

Sasa nawapanga wawiliwawili. Mmoja anavaa, mwenzake anabaki nje na karatasi na penseli, haoni kitu. Wa ndani anazitafuta hemu nne, vile visahani vyenye atomu ya chuma katikati ambapo oksijeni hushika, kimoja katika kila mnyororo wa protini. Wa nje anachora anachoambiwa. "Ipo kulia." Kulia kwa nani? Ukigeuka je? Hapo ndipo ubishi unapoanza, na mimi naukalia kimya, maana wanalazimika kutaja mnyororo upi, umejikunja vipi, umegusana na nani. Wakibadilishana zamu, mchoraji huingia akakuta hemu alizozirundika katikati zimo mifukoni, karibu na uso wa protini. Kosa hilo halisahau.

Usidhani miwani yenyewe inafundisha. Mwaka 2019 mtafiti Guido Makransky na wenzake walilinganisha jaribio moja la maabara kwenye miwani na kwenye skrini ya kawaida: wenye miwani walijihisi wamo ndani zaidi, lakini walijifunza machache kuliko wenzao wa skrini. Mimi sikushangaa hata kidogo.

Kuhusu kichefuchefu: macho yanasema mwili unakwenda, sikio la ndani linasema umesimama. Kwa hiyo zima kule kuteleza kwa kijiti cha kidhibiti cha mkononi, watembee kwa miguu yao wenyewe. Rekebisha pia umbali kati ya lenzi mbili kwa kila anayevaa. Mboni za watu wazima huachana kwa wastani wa milimita 63 hivi, ila wapo walio mbali na wastani huo, nao ndio huona ukungu wakaona haya kusema. Zamu zangu ni dakika 10. Anayelalamika kizunguzungu anavua papo hapo, asiambiwe atazoea.

Na vidhibiti vichajiwe usiku uliotangulia. Kimoja kikizima katikati ya zamu, wote sita wanakuja kukitazama.