Kupunguza Uzito Bila Kupoteza Nguvu za Kazi

Nauza mahindi, maharage na mchele mjini Busia, upande wa Uganda, na kazi yangu haifanyiki kwa kukaa. Magunia makubwa hubebwa na wachukuzi, lakini mifuko ya kilo 25, kupima na kupanga bidhaa ghalani ni juu yangu tangu saa moja asubuhi hadi magharibi. Nilipoamua kupunguza uzito, nikiwa na kilo 94 na magoti yanayouma kila nikiinama, nilifanya kama wengi ninaowafahamu: asubuhi chai ya rangi, mchana kipande cha papai, jioni mboga za majani bila posho, yaani ugali. Wiki ya kwanza nilipungua kilo tatu, nikafurahi mno. Siku ya tisa, nikiwa nimenyanyua mfuko wa mchele hadi kifuani ili niuweke juu ya jukwaa la mbao, mikono ilianza kutetemeka, macho yakaingia giza, na mfuko ukaniponyoka ukapasuka. Nilikaa chini katikati ya mchele uliomwagika, nikimsikia mteja akiuliza, "Mama, unaumwa?" nami sikuwa na nguvu ya kumjibu.

Zile kilo tatu hazikuwa mafuta. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Ukiacha wanga ghafla, akiba hutumika na maji yake hutoka, mizani ikashuka upesi na nguvu zikashuka pamoja nayo. Tena, mtu anayekula kidogo mno, bila protini ya kutosha, hupoteza misuli pamoja na mafuta. Kwa mtu anayeishi kwa mikono yake hiyo ni hasara kubwa kuliko kitambi.

Nilianza upya kwa mwendo wa polepole, nikilenga kupungua nusu kilo kwa wiki, jambo ambalo kwa makadirio ya kawaida huhitaji kupunguza kama kalori 500 kwa siku. Sikuzitoa kwenye maharage wala kwenye posho ya mchana. Nilizipata kwenye mafuta na sukari. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, na mimi nilikuwa nikimimina kwa kukadiria kwa macho, pengine vijiko vinne katika sufuria ndogo ya mchuzi. Nilipoanza kupima kwa kijiko, familia nzima ilikula mboga ileile na hakuna aliyelalamika. Chai nayo nilikunywa vikombe vitano kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Hivyo vijiko 15 ni karibu kalori 240 ambazo hazikunishibisha hata kidogo. Mchuzi wa karanga ninaupenda na sikuuacha, ila sasa naupakua kwa kijiko, kwa sababu karanga zina mafuta mengi.

Protini ndiyo iliyonirudishia nguvu. Anayepunguza uzito huku akifanya kazi ngumu anashauriwa kupata takriban gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Yai moja lina gramu sita, kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 15, na mukene, wale samaki wadogo ambao ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka huwaita omena, wana protini nyingi kwa bei ya mtu wa kawaida. Siku hizi siondoki nyumbani bila kula katogo, yaani matoke na maharage yaliyopikwa pamoja, na yai pembeni. Wanga mwingi nakula asubuhi na mchana kwa sababu ndipo ninaponyanyua mizigo. Anayefanya kazi usiku apange kinyume chake.

Jambo moja nililichelewa kulijua: chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage na dodo, yaani mchicha. Sisi wanawake tunaopoteza damu kila mwezi tunaihitaji sana chuma hiyo. Nasubiri saa moja baada ya kula ndipo ninywe chai, na mboga naikamulia limau, ambalo husaidia chuma kufyonzwa.

Usiulaumu mlo kwa kila uchovu. Mwezi wa pili nililegea wiki nzima nikidhani ni njaa, hadi nilipokwenda kupimwa kituo cha afya nikakutwa na malaria. Anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu azungumze na daktari kabla ya kupunguza chakula, maana kipimo cha dawa huenda kikahitaji kubadilishwa. Mjamzito na anayenyonyesha wasianze bila kumwona mhudumu wa afya.

Misuli hubaki inapotumiwa. Anayekaa ofisini anaweza kusimama na kukaa kitini mara kumi au kumi na tano bila kujishika, akarudia mara chache, angalau siku mbili kwa wiki.

Mizani pekee siiamini tena. Kila Jumatatu, kabla ya kufungua duka na baada ya kifungua kinywa, napandisha mfuko wa kilo 25 juu ya jukwaa lilelile mara tano. Katika miezi minane iliyonifikisha kilo 81, ukiacha wiki ile ya malaria, nimeshindwa mara mbili tu. Mara zote mbili niliongeza yai moja na nusu kikombe cha maharage kila asubuhi kwa wiki nzima, na Jumatatu iliyofuata mfuko ukapanda mara zote tano.