Lida za nduwaro: bana mwenyewe, pima mwenyewe

Nduwaro, yule samaki mkubwa mwenye mdomo mrefu kama mkuki, akipotea, nahodha hulaumu breki ya rili, baharia hulaumu mshipi, na mgeni aliyelipia boti hulaumu bahari. Vuta ndani lida, kile kipande kinene kati ya mshipi na ndoana, uitazame ncha yake. Mara nyingi nailoni ni nzima kabisa, ila imechomoka kwenye slivu, kimrija cha chuma kinachoibana, na kubaki na alama nyeupe ya mkwaruzo. Au imekatika mlemle slivu inapoanzia, kana kwamba imekatwa kwa wembe. Kosa lilifanyika mezani usiku uliopita, wala samaki hakuwa na miujiza yoyote.

Ndiyo maana anayevua samaki wakubwa hapa Malindi heri ajifunze kufunga lida zake mwenyewe kuliko kununua zilizofungwa. Za dukani hujui zilikaa juani muda gani wala nani alizibana.

Kazi ya kwanza ya lida ni kustahimili mdomo wa samaki. Mdomo wa nduwaro na wa jamaa yake sulisuli una ukali wa msasa, na samaki huupiga huku na huku saa nzima. Kwa sulisuli wanaovuliwa kwa chuchunge, samaki mdogo wa chambo, nailoni ya nguvu ya ratili 100 hadi 130 inatosha. Kwa nduwaro wanaofuata chambo cha bandia nenda ratili 300 au 400. Ya ratili 300 ina unene wa kama milimita 1.8, lakini usiamini karatasi ya kibunda, pima kwa vanieri, kile kipimo cha unene, kwa sababu viwanda havifanani na slivu haisamehi.

Slivu ni kimrija cha chuma chenye matundu mawili pembeni kwa pembeni. Kwa nailoni tumia ya alumini, kwa waya tumia ya shaba. Ukiweka alumini juu ya waya wa stenlesi, maji ya chumvi huila kidogo kidogo na siku moja inaachia bila kukuaga. Tundu liwe la kupita nailoni kwa kusukuma kidogo, bila kucheza. Likiwa pana, utabana sana ili kulijaza, na hapo ndipo unapoiponda nailoni.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Kata nailoni mita 4.5. Kata ncha mshazari ili ipenye tundu kwa urahisi. Ingiza slivu, kisha kipande cha mpira mgumu cha kukinga kitanzi, kisha pitisha kwenye jicho la ndoana na urudi ndani ya slivu kupitia tundu la pili. Ncha ikitokeza upande wa pili, isogezee kibiriti cha gesi mpaka iyeyuke na kuwa kichwa kidogo cha duara, kama kichwa cha msumari. Usiuache moto uguse slivu, na subiri kichwa kipoe kabla ya kukivuta nyuma kiwe karibu milimita 3 kutoka ukingoni. Nailoni iliyopata joto inakuwa laini bila kubadilika rangi, na baadaye hutaelewa kwa nini ilikatika.

Sasa bana. Tumia koleo la kubania lenye meno ya saizi ya slivu yako. Koleo la fundi umeme huliponda slivu likawa bapa, na nailoni ndani yake inakuwa kama tambi iliyokanyagwa. Anza katikati, kisha upande mmoja, kisha wa pili, na meno yakae kwenye mstari uleule. Acha milimita 2 kila mwisho bila kubanwa kabisa, ili ukingo ubaki umefunguka kama mdomo wa tarumbeta. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanadhani kubana mpaka mwisho ni kukaza zaidi, kumbe wanatengeneza kisu. Kila samaki anapotingisha kichwa, nailoni inapinda pale pale ukingoni, na ukingo mkali unaimaliza.

Ukimaliza, tazama. Slivu likipinda kama ndizi, meno yalikaa upande. Ukiona nailoni imegeuka nyeupe ndani ya mlango wa slivu, umebana kupita kiasi, kata uanze upya. Usihurumie slivu moja, bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na mafuta ya siku nzima baharini.

Kisha pima, na hapa hakuna haja ya kifaa cha gharama. Jerikeni ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20 na kidogo. Tundika mbili kwenye tawi la mwembe au boriti ya banda kwa kutumia lida yako, ndoana ikiwa imeshika kamba ya jerikeni, ziache dakika 10. Weka alama ya wino mahali nailoni inapoingia slivu kabla ya kuziinua. Alama ikisogea hata unywele mmoja, slivu linateleza. Baada ya hapo inua jerikeni kidogo uziachie ghafla mara tatu. Simama pembeni, na usiweke mguu chini yake. Kilo 40 si kidogo: kwa mshipi wa kilo 24, ambao mabaharia wetu huuita wa ratili 50, breki huwekwa kilo 8 wakati wa kushika, yaani theluthi ya nguvu ya mshipi. Lida ikipita mtihani wa jerikeni, kitu kingine kitakatika kabla yake.

Breki nayo ipimwe kwa mzani wa kamba, isikadiriwe kwa mkono. Mkono unadanganya asubuhi na unadanganya zaidi saa saba mchana.

Ndoana zina mjadala wake. Kwa chuchunge na chambo kingine cha samaki, ndoana ya duara ndiyo bora: inashika pembe ya mdomo, haimezwi mara nyingi, na samaki anaachiwa akiwa hai. Saizi 7/0 inafaa sulisuli. Usiipige fimbo juu kwa nguvu unapoona chambo kimechukuliwa. Mwache aondoke, kisha kaza breki polepole, ndoana inajigeuza yenyewe. Waliozoea ndoana za zamani hupata taabu hapa, mkono unawatangulia. Kwa chambo cha bandia kinachokokotwa kwa kasi, ndoana ya kawaida ya 9/0 au 10/0 ndiyo inayofanya kazi. Ichonge kwa tupa laini ukielekea kwenye ncha, kisha iburute juu ya ukucha wa gumba bila kukandamiza. Ikiteleza, bado. Ikikwama, tosha. Usiinoe ikawa sindano, maana mfupa wa mdomo wa nduwaro utaikunja. Stenlesi tuiache dukani: samaki akikata lida, ndoana ya chuma cha kawaida huoza mdomoni mwake, ya stenlesi hukaa.

Wanaotaka samaki wao aandikwe kwenye rekodi za IGFA, shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo, wapime urefu pia. Kwa mshipi wa zaidi ya kilo 10, lida isizidi mita 9.14, na lida pamoja na mshipi uliokunjwa mara mbili visizidi mita 12.19. Chambo cha bandia chenye sketi ya nyuzi kiwe na ndoana zisizozidi mbili, na za matawi matatu haziruhusiwi.

Chuchunge mwenyewe ana siri moja. Mkamue tumbo kuelekea mkiani mpaka uchafu utoke, kisha mkunje mgongo huku na huku taratibu mpaka uti ulegee. Asipolegea atazunguka majini kama pangaboi, na baada ya nusu saa mshipi wako umejisokota. Mvunje mdomo ule mrefu wa chini, mpake chumvi ya mawe, mweke kwenye barafu lakini asiogelee kwenye maji ya barafu, ngozi itapauka. Mkokote kwa mwendo wa maili 5 au 6 za baharini kwa saa. Vya bandia vinavumilia 8.

Nguru ni habari nyingine. Meno yake yanakata nailoni ya ratili 300 bila kusita, kwa hiyo anapokuwepo weka mita moja ya waya mmoja mgumu, namba 8 au 9, mbele ya ndoana. Usifunge fundo. Pitisha waya kwenye jicho la ndoana, pishanisha pande zake mbili ziwe alama ya msalaba na uzisokote zote mbili kwa pamoja mara sita. Kama upande mmoja unazunguka na mwingine umenyooka, waya utateleza. Maliza kwa mizunguko mitano iliyobanana. Ncha iliyobaki usiikate kwa koleo. Ikunje kama mpini wa kusagia na uizungushe mpaka ivunjike yenyewe, itabaki laini. Ukiikata, itabaki kucha, na kucha hiyo itaingia kwenye kiganja cha yule anayeshika lida. Waya uliopinda kona tupa, hata kama ni mpya.

Msimu wa kaskazi, maji ya udongo ya Mto Sabaki huteremka kuelekea Malindi, na boti huutafuta ule mpaka ambapo maji mekundu yanakutana na buluu. Samaki wapo, lakini majani na takataka za mto pia zipo. Vuta kila mshipi uukague kila baada ya dakika 15 hivi. Jani moja likikwama kwenye swiveli, kile kiungo kinachozunguka, chambo kinakwenda upande na hakuna nduwaro atakayekiangalia. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968, hakuna kuvua, kwa hiyo inua mishipi kabla ya kupita.

Lida iliyopigana na samaki mkubwa pitisha vidoleni ukiwa umefumba macho. Ukihisi ukwaru hata mdogo, kata sehemu hiyo na ubane slivu jipya. Zilizo nzima suuza kwa maji yasiyo na chumvi, zikunje duara la sentimita 25, funga kwa mpira, andika tarehe kwenye kipande cha tepu na uzitie kwenye kikopo chenye kifuniko, kivulini. Vipande vya kutupa usivirushe baharini, virudishe bandarini kwenye mfuko.