Kompyuta kuchukua dakika 5 kuwaka

Ndugu, usikimbilie kupiga Windows upya. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc ifunguke Task Manager (dirisha linaloonyesha kompyuta inavyofanya kazi), angalia diski: ikikaa 100% muda wote na bado ni ile ya zamani ya kuzunguka, ugonjwa uko hapo. Weka SSD (diski ya kisasa isiyozunguka), hata ya GB 240, utadhani umenunua mashine nyingine. (Hiyo SSD usiifanyie difragi, yaani kupanga upya mafaili kwenye diski, unailia umri bure.) Kisha zima programu zinazojiwasha zenyewe kompyuta inapowaka, na diski C usiijaze pomoni. Zile programu za "kusafisha" kompyuta achana nazo, nyingi ni mzigo tu. Na vumbi jamani! Kila miezi michache chomoa umeme, fungua kava, puliza kwa blowa huku umeishika feni isizunguke. Prosesa (ubongo wa kompyuta) ikichemka kwa vumbi hujipunguzia kasi yenyewe.