Umestaafu na kuhamia Dodoma: uanachama wa klabu ya gofu una faida gani kwako?

Mzee wetu, shikamoo. Umeuliza kama uendelee kulipa uanachama kamili wa klabu ya gofu Dar baada ya kustaafu na kujenga Dodoma, au ujiunge upya Morogoro, au uachane na klabu zote na uwe unalipia kila unapocheza. Kwa kifupi: usijiuzulu, lakini uanachama kamili usiuendeleze. Omba uhamishiwe daraja la mwanachama wa mkoani, yaani anayeishi mbali na klabu, kama katiba ya klabu yako inalo, na barua ifike kabla mwaka wa klabu haujafungwa. Hesabu yenyewe hii hapa.

Wengi hulinganisha ada ya mwaka ya klabu moja na ya nyingine kisha wanachagua iliyo ndogo. Hapo ndipo wastaafu wanapoumia, kwa sababu kipimo sahihi ni idadi ya raundi. Chukua ada ya mwaka, igawanye kwa tofauti kati ya grini fii (malipo ya kucheza raundi moja uwanjani) anayolipa mgeni na ile anayolipa mwanachama. Jibu ndilo idadi ya raundi unazotakiwa kucheza ili uanachama ujilipe. Gharama ya kedi, yule anayekubebea begi la fimbo, usiiweke humo, maana mgeni na mwanachama wote wanalipa kedi.

Tutumie tarakimu za mfano tu. Zako utazibadilisha kwa bei za klabu yako. Ada ya mwaka 1,200,000, grini fii ya mgeni 50,000, ya mwanachama 10,000. Tofauti ni 40,000, kwa hiyo unahitaji raundi 30 kwa mwaka. Kwa anayeanza upya kuna kiingilio pia, tuseme 2,000,000, na hicho hakirudishwi. Ukikitandaza kwa miaka minane utakayocheza kwa nguvu, ni 250,000 kila mwaka. Jumla inakuwa 1,450,000 na raundi zinapanda hadi 37. Sasa mtu anayeishi Dodoma, akienda Dar au Morogoro mara moja kwa mwezi na kucheza raundi mbili kila safari, anafikisha 24. Mgeni anayelipia mlangoni amemshinda.

Badilisha daraja uone. Tuseme ada ya mwanachama wa mkoani ni 500,000 na wewe kiingilio ulishalipa zamani. Ukigawanya kwa 40,000 unapata raundi 13. Zile 24 zako zinatosha na kubaki. Ndiyo maana nasema usijiuzulu: ukitoka leo na ukataka kurudi baada ya miaka mitatu, klabu nyingi zitakuhesabu mwanachama mpya na kiingilio utakilipa tena kwa bei ya wakati huo.

Kosa kubwa zaidi ni kulipa ada ya miaka mingi, au uanachama wa maisha, kwa fedha za mkupuo siku chache baada ya kuzipokea. Mkupuo una kazi nyingine. Ada ya klabu ni matumizi ya kila mwaka, kwa hiyo ipime na pensheni ya mwezi. Mtumishi aliyechangia PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, miezi 400, wastani wake wa mshahara bora wa miaka mitatu ukiwa 1,800,000, kwa kanuni ya 1/580 pensheni kamili inakuja kama 1,241,000 kwa mwezi. Akichukua mkupuo wa asilimia 40, kinachobaki kila mwezi ni kama 745,000. Ile ada ya 1,200,000 ni zaidi ya pensheni ya mwezi mmoja na nusu, na hapo kedi, nauli na chakula havijaguswa. Mimi naweka mpaka hapa: ada zote za klabu kwa mwaka zisizidi pensheni ya mwezi mmoja. Kama zinazidi, shuka daraja au shuka klabu.

Kedi ndiye gharama ambayo watu hawaiandiki. Kwa 20,000 kila raundi pamoja na bahasha kidogo ya shukrani, raundi 24 ni 480,000, karibu sawa na ada ya mkoani yenyewe. Usijaribu kuokoa hapo kwa kumpunja. Kedi mzuri anakutafutia mipira, anakusomea mteremko wa grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo) na anabeba begi wakati magoti yamechoka, na kazi hiyo ndiyo inayolisha nyumba yake. Ukitaka kupunguza, cheza mashimo tisa na umlipe malipo ya tisa.

Safari. Treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida kwenda Dar ilikuwa 31,000, yaani 62,000 kwenda na kurudi. Kwa gari, Dodoma hadi Morogoro ni kama kilomita 260. Kwenda na kurudi ni 520, na gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita linakula lita 52. Ukiweka 3,000 kwa lita ni 156,000. Mkiwa watatu kwenye gari moja, mambo yanabadilika kabisa, kwa hiyo kabla hujachagua klabu angalia kwanza wenzako wa Dodoma wanacheza wapi. Hilo lina thamani kuliko ubora wa grini. Begi lenye fimbo zote 14, viatu na mipira linafika kilo 12 hadi 15, na kulipandisha na kulishusha kwenye treni kwa mtu wa miaka 65 si jambo dogo. Nusu seti ya fimbo saba inatosha: dereva, mbao moja, aini tatu zilizopishana, weji moja na pata. Kukodi kabati klabuni ili fimbo zilale hukohuko ni uamuzi mzuri tu kama unacheza uwanja mmoja. Ukizunguka viwanja, kabati linakufunga.

Sasa handikapu, ile namba inayoonyesha kiwango chako cha uchezaji. Wapo wanaong'ang'ania klabu ya gharama kubwa wakidhani bila hiyo watapoteza handikapu yao. Si kweli. Tangu 2020 mfumo wa dunia ni mmoja: unaanza na kadi za matokeo zinazofikisha mashimo 54, kisha wastani unatoka kwenye raundi bora 8 kati ya 20 za mwisho, na handikapu ya juu kabisa ni 54. Kinachotakiwa ni uwe mwanachama wa klabu inayotambuliwa na chama cha gofu cha nchi, ambacho kwetu ni TGU (Tanzania Golf Union). Handikapu ya klabu ndogo ya mashimo 9 ina uzito uleule kwenye mashindano. Kadi ya mashimo tisa nayo inahesabiwa, kwa hiyo klabu yenye mashimo tisa haikupunguzii chochote kwenye rekodi. Ukiwa huna klabu kabisa, hapo ndipo handikapu inapokosa mwenye kuitunza, na mashindano mengi hayakupokei.

Kuna mambo ya kuuliza ofisini na kuomba uandikiwe, usikubali jibu la mdomo. Je, mwanachama wa mkoani anaruhusiwa kucheza mara ngapi kwa mwezi kabla hajaanza kutozwa kama mgeni? Klabu nyingi huweka kikomo, na atakayekivuka hesabu yake yote inavurugika. Je, michango maalumu inayopitishwa na Mkutano Mkuu inamhusu hata kama hana kura? Mchango wa kisima au pampu unaweza kufuta nafuu yote ya ada ndogo. Je, mwenza wako yumo, na ukitangulia wewe mbele ya haki, mjane au mgane anaendelea kwa masharti gani? Swali hili watu wanaliona gumu, lakini familia nyingi hugundua siku za msiba kwamba uanachama ulikuwa wa mtu mmoja tu. Na vilabu rafiki ni vipi: kama kadi yako inakupa bei ya mwanachama Morogoro, Arusha au Moshi, huna sababu ya kulipa ada mara mbili.

Maji yanastahili neno lake. Mvua ya Dodoma ni kati ya milimita 550 na 600 kwa mwaka, na karibu yote inaanguka Desemba hadi Aprili. Uwanja wa nyasi katika hali hiyo unaishi kwa umwagiliaji, na umwagiliaji ni umeme, pampu na mabomba. Kwa hiyo mtu yeyote akikuuzia uanachama wa awali wa uwanja unaotarajiwa kujengwa kanda hii ya kati, muulize kwanza maji yanatoka wapi, kiasi gani kwa siku, na nani analipa bili kabla wanachama hawajatosha. Kama hana karatasi ya jibu, fedha yako ikae benki.

Panga kwa miaka mitano. Mashimo 18 kwa miguu ni kilomita 8 hadi 10 na zaidi ya saa nne juani. Anayecheza raundi 40 akiwa na miaka 60 asijihesabie 40 akiwa na 66. Rudia ile hesabu ya kugawanya kila mwaka kwa raundi ulizocheza kweli, zilizo kwenye rekodi ya handikapu, wala si zile unazotamani kucheza.

Barua ya kubadili daraja iandike sasa: taja namba ya uanachama, tarehe ya kustaafu, anwani mpya ya Dodoma, na ambatisha barua ya mtendaji wa mtaa. Lipa madeni yote kwanza, hata ya kantini, maana mwenye deni ombi lake halifiki kwenye kamati. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila hiyo, Januari utaletewa ankara ya uanachama kamili na huna cha kuonyesha.