Yule mtoto mwenye kidani cha lulu

Mwanangu Zuhura,

Picha uliyonitumia kutoka National Portrait Gallery, lile jumba la picha la London, nimeitazama jana mpaka simu ikazima chaji. Umeuliza: “Mama, huyu bibi amemkumbatia binti mweusi. Ina maana alimpenda?”

Sidhani, mwanangu. Bibi ni Louise de Kéroualle, Mfaransa, kimada wa Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza, aliyempa cheo cha Duchess of Portsmouth mwaka 1673. Pierre Mignard alimchora mwaka 1682. Wewe fuata macho. Mtoto anamtazama bibi, bibi anatutazama sisi. Kisha tazama alichobeba mtoto: kombe lililojaa lulu, na tawi la marijani, nyekundu kama ile bibi zetu waliyoiita marijani ya fedhaluka. Mali za mbali hizo, na mtoto mwenyewe kahesabiwa humo humo. Tena weusi wake umetiwa pale ili ngozi ya bibi izidi kung'aa. Wachoraji wa Ulaya wa enzi ya Baroki, karne ya kumi na saba, waliizoea hila hiyo; Van Dyck, kule Genoa, Italia, mwaka 1623, alimsimamisha kijana mweusi nyuma ya bibi mkubwa wa huko, Elena Grimaldi Cattaneo, amshikie mwavuli mwekundu.

Unaikumbuka picha ya babu yako, ya studio, kakumbatia redio? Haikuwa yake. Ilikuwa ya mpiga picha, na mtaa mzima uliishika kwa zamu, kila mtu aonekane wa kisasa. Mtoto wa picha ya Mignard ni redio ile, ila redio haikuzaliwa na mtu.

Kinachonichoma ni kile kidani. Utadhani kapendwa, kavishwa lulu kama binti wa nyumba ile. Lakini Uingereza ya siku zile watoto watumwa walivishwa hata kola za fedha shingoni, na mfalme huyo huyo, mwaka 1672, alikuwa ameipa kampuni ya Royal African Company hati ya kufanya biashara ya watu kutoka Afrika Magharibi. Ukishajua hayo, lulu zile zinabana.

Kwenye kibao wameandika cheo cha bibi chote. Mtoto kaandikwa mhudumu asiyejulikana.

Ukipita tena Jumamosi, nipigie picha nyingine, ya karibu, uso wa mtoto tu. Bibi mwache nje. Na vaa sweta, usinidanganye kwamba hakuna baridi.

Mamako