Mpera usiukate, mfundishe mtoto kuusoma

Dada, umeandika kwamba mwanao wa miaka 6 kila akitoka shule yuko juu ya mpera wa nyuma ya nyumba, na baba yake anataka kuukata kabla mtoto hajavunjika. Nawaombeni msiukate. Na nasema hivi mimi niliyewahi kuanguka.

Nimekulia Muheza. Nikiwa na miaka 9 nilidondoka kutoka kwenye mzambarau, mkono wa kushoto ukavunjika, nikakaa na plasta wiki sita. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, nami nilizifuata zambarau zilizoiva kule nchani. Tawi la mzambarau hukatika ghafla, halikupi onyo. Mpera ni mti mwingine kabisa: tawi lake jembamba hupinda kwanza, mtoto akapata nafasi ya kurudi. Ubaya wake ni gome, ni laini na likilowa linateleza kama sabuni. Mpapai ndio asiuguse kabisa, shina lake ni uwazi mtupu. Mwembe una matawi mapana mazuri, ila chunguza majimoto, wale sisimizi wekundu wakali wa mitini. Ukiona majani yameshonwa pamoja kama kifuko, hapo ndipo kwao, na mtoto akiumwa nao akiwa juu ataachia mikono.

Binti yangu nilianza naye akiwa na miaka 5. Sheria nilijiwekea mimi mwenyewe: simwinui. Mtoto uliyembeba ukamketisha kwenye tawi hajui amefikaje, kwa hiyo hajui atashukaje. Wiki mbili nzima hakupita panda ya kwanza, alikaa pale akichungulia kuku. Nikamfundisha kwamba mikono miwili na mguu mmoja vibaki vimeshika, mguu wa pili ndio utafute. Na tawi alikanyage karibu na shina, alibonyeze kabla ya kulitwika mwili. Siku moja nikiwa nafua nikamwona anabonyeza, anatulia, anarudisha mguu. Tawi lile lilikuwa limekauka ndani. Sikuwa nimemwambia neno.

Ule ukelele wa "utaanguka!" uacheni. Mtoto akigeuka kukutazama ndipo mshiko unapolegea. Muulize taratibu, "mguu unaofuata unauweka wapi?"

Wala huu si ushamba wetu. Mtafiti wa Norwei, Ellen Sandseter, aliwachunguza watoto wa chekechea wakicheza, na mwaka 2007 akaipanga michezo yao yenye hatari katika makundi 6. Kundi mojawapo ni kupanda juu. Hoja yake ni kwamba mtoto huizoea hofu kidogo kidogo kwa kuikaribia mwenyewe. Denmark na Ujerumani wana chekechea za msituni, watoto wa miaka 3 hadi 6 wanashinda nje, iwe mvua au theluji. Hata macho yanafaidika: huko Guangzhou, China, baadhi ya shule ziliwaongezea watoto dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka 3, waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa kama asilimia 30, na kwenye shule ambazo hazikuongezewa walikaribia asilimia 40.

Kwa hiyo baba yake mpe kazi nyingine. Panga alishike, lakini akate matawi makavu tu. Aondoe matofali, nondo na vyuma chakavu chini ya mti, amwage mchanga wa kutosha. Mtoto asipande na kandambili, wala na begi, kamba au chochote cha shingoni kinachoweza kunasa tawini. Siku ya mvua mti upumzike. Halafu jioni moja baba asimame chini, amwombe mwanawe amwonyeshe anapopitia.