Handikapu kabla ya msimu mpya

Umeuliza kwa nini chama cha mkoa kinataka kila mchezaji wa gofu awe na handikapu rasmi (namba ya kiwango chake, inayoamua mipigo anayoongezewa; kadiri mchezaji alivyo dhaifu ndivyo inavyokuwa kubwa) kabla ya ratiba ya msimu kutoka. Ni kwamba bila hiyo, mashindano ya klabu kwa klabu hayawezi kuwa ya haki. Tangu 2020 mfumo ni mmoja duniani: huchukuliwa raundi zako 20 za mwisho, zikachaguliwa 8 bora, ukatafutwa wastani wake. Wewe unayeanza huhitaji 20 zote. Mashimo 54 yanatosha, hata ukiyacheza tisa tisa, mradi kadi ya matokeo yako ithibitishwe na mtu uliyecheza naye. Kikomo cha handikapu yenyewe ni 54.0 kwa wanaume na wanawake, kwa hiyo usione aibu kuanza na kubwa.

Viwanja navyo vina kipimo cha ugumu, 55 hadi 155 (113 ndicho cha kawaida), ndiyo maana mipigo unayoongezewa hubadilika ukienda ugenini. Wale wanaoficha kadi nzuri ili wabaki na handikapu kubwa, mimi ningewabana hao kwanza! Anza kukusanya kadi sasa, umpe katibu wa klabu yako.